Mwalimu wa bendi, tafuta wenzako kabla ya kutafuta ala mpya

Katika shule nyingi za upili hapa Kenya, mwalimu wa hisabati ana wenzake kadhaa idarani. Akikwama anageuza kiti tu na kuuliza. Mwalimu wa bendi hana wa kumgeukia. Yeye ndiye mwalimu, ndiye mtunza stoo, ndiye fundi, ndiye mpangaji wa noti, na siku ya wageni ndiye anayepigiwa simu alfajiri kuulizwa kama vijana wako tayari. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na kila ninapokutana na kijana aliyekabidhiwa bendi kwa mara ya kwanza humwambia hivi: usianze kwa kumwomba mwalimu mkuu tarumbeta mpya. Anza kwa kuwatafuta walimu wa bendi wa shule jirani, muwe na chama chenu.

Twende stoo kwanza. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na tarumbeta ambayo kwenye daftari la vifaa ilikuwa imeandikwa kuwa mbovu kabisa. Ukiipuliza, pumzi haipiti. Mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani akaniunganisha na mzee mmoja aliyestaafu kutoka bendi ya polisi. Mzee alizitoa valvu zote tatu, vile visukumio vinavyobonyezwa kwa vidole, akazifuta kwa kitambaa, kisha akaniita dirishani penye mwanga. Kila valvu ina namba iliyochongwa, 1, 2 na 3, ukihesabu kutoka upande wa mpigaji. Mtu fulani aliwahi kuzisafisha, akairudisha ya 1 mahali pa 3 na ya 3 mahali pa 1. Matundu hayakulingana na mabomba, ndiyo maana pumzi ilikuwa inagonga ukuta. Mzee akazibadilisha, akatia matone machache ya mafuta ya valvu, akampa kijana wa kidato cha pili apige. Sauti ilifika uwanjani. Na wakati huo shule ilikuwa tayari inaulizia bei ya tarumbeta mpya madukani.

Wazee wa namna hiyo wapo wengi kuliko tunavyodhani. Bendi za polisi, jeshi na magereza zimestaafisha wapigaji wanaojua kuziba tundu la bomba na kunyoosha tromboni iliyopinda. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, limelea wapiga tarumbeta kizazi baada ya kizazi, na hadi leo ukienda ibadani kwao utakuta mtu wa kukusaidia. Shida ni kwamba mwalimu mmoja anamjua fundi mmoja, au hamjui yeyote. Walimu kumi wakikaa pamoja wanajua mafundi wa kaunti nzima, wanajua pia nani anatoza haki na nani huchukua ala na kukaa nayo mwaka mzima.

Na vile vitu vidogo. Kipande cha kupulizia kikinasa kwenye tarumbeta, msiruhusu mtu alete koleo. Mnapinda bomba bure. Kuna kifaa maalumu cha kukitoa, na kimoja kinatosha shule zote za kaunti ndogo kikizungushwa. Ridi za klarineti na saksafoni, vile vijiti vyembamba vinavyotetema mdomoni, mara nyingi huuzwa kwa boksi la kumi. Shule yenye klarineti mbili haina haja ya kununua boksi peke yake kila mara; gawaneni.

Kisha kuna noti, na hapa ndipo upweke unapoumiza zaidi. Tarumbeta za kawaida na klarineti ziko kwenye B-flat, yaani mpigaji akisoma C, inayosikika ni B-flat; saksafoni ya alto iko kwenye E-flat; tromboni husikika kama ilivyoandikwa. Ukichukua nakala ya piano ukawagawia vijana vilevile, kila kundi litapiga kwa ufunguo wake na utapata vurugu. Lazima mtu akae aandike upya sehemu ya kila ala. Kazi hiyo ya wimbo wa taifa tu imefanywa na walimu wangapi nchini, kila mmoja usiku, kila mmoja peke yake, kwa wimbo uleule? Wimbo wenyewe haukutengenezwa hivyo. Mwaka 1963 wanamuziki watano walikaa kwenye kamati moja, wakachukua bembelezi ya Wapokomo wa Tana River, wakaipanga pamoja. Sisi tunashindwa hata kupeana nakala.

Najua kwa nini tunashindwa. Ni mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na limetufanyia mengi mema: bila hilo shule nyingi zisingekuwa na mwalimu wa muziki hata mmoja. Lakini limetuzoesha kufichana. Mwalimu anaogopa mwenzake asisikie mpangilio wake kabla ya siku ya kaunti. Nimewahi kufika shule fulani wakati wa mazoezi na madirisha yakafungwa. Ninaheshimu hamu ya kushinda, nami ninayo. Ila wimbo wa mashindano ni mmoja au miwili kwa mwaka. Gwaride la asubuhi, wimbo wa taifa, nyimbo za ibada na mazoezi ya vidole ni vya kila siku. Fungia ule wa mashindano kwenye droo ukitaka. Vingine vyote vitoe.

Wenzetu wa Marekani walianza kwa jambo dogo. Chama chao cha kitaifa cha walimu wa muziki, kinachoitwa NAfME siku hizi, chimbuko lake ni mkutano wa mwaka 1907 katika mji wa Keokuk, Iowa. Philip Hayden, aliyekuwa msimamizi wa muziki katika shule za mji huo, aliwaalika wenzake waje waone jinsi anavyowafundisha watoto mapigo ya muziki. Hakuwaita kwenye uchaguzi wa viongozi. Aliwafungulia darasa lake. Mwaka 1946 walimu wa bendi wakakutana Chicago kusoma na kusikiliza noti mpya pamoja, na mkutano huo, unaojulikana kama Midwest, unafanyika hadi leo kila Desemba.

Kwa hiyo fungua darasa lako. Mwalike mwalimu mmoja aje akae nyuma wakati wa mazoezi, aandike anachosikia, akuambie ukweli mkibaki wawili. Maoni hayo yanasaidia zaidi ya yale ya jaji, kwa sababu jaji anakusikia mara moja, wimbo umeshaisha, na basi linawangoja. Mwenzako anaweza kurudi wiki ijayo akaona kama tromboni bado zinachelewa.

Mambo ya katiba na uandikishaji yaje baadaye. Sheria ya Vyama ya Kenya inahesabu chama kuanzia watu 10, na afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu atawaelekeza. Ninalosisitiza ni moja tu: pesa zikianza kuingia, hata kama ni mia mbili mia mbili za mafuta ya valvu, awepo mweka hazina na ripoti isomwe kila kikao. Nimeona kundi zuri la walimu likivunjika kwa hela ndogo ambayo hakuna aliyeiba, haikuandikwa tu.

Chama kitakufaa hasa siku utakapohamishwa. TSC, tume inayotuajiri walimu, ikikupeleka kaunti nyingine, bendi yako inaweza kufa ndani ya muhula mmoja. Ala zinafungiwa, vijana wanarudi kwenye kandanda, mwalimu anayekuja hajui ufunguo uko wapi. Pale penye chama, orodha ya ala iko kwa katibu pia, wenzako wanamjua mwalimu mkuu, na mmoja wao anaweza kupita Jumamosi kuwashikilia wapigaji hadi apatikane mwalimu. Na huko uendako utaulizia walimu wa bendi kabla hujaulizia nyumba.

Kuna milango mikubwa zaidi ukishajenga huu mdogo. Shirika la kimataifa la elimu ya muziki, ISME, lilianzishwa Brussels mwaka 1953 na hufanya mkutano wa dunia kila baada ya miaka miwili. Wa 1998 ulifanyika Pretoria. Mwalimu wa kijijini ana haki ya kuingia humo kama profesa. Lakini nauli ni ghali, na koleo limeshashikwa stoo kwako leo.

Kikao cha kwanza kifanyeni muhula wa kwanza, kabla joto la mashindano halijapanda. Watu wanne wanatosha. Kila mmoja aje na ala moja mbovu, nakala moja ya noti aliyoiandika kwa mkono wake, na jina la fundi anayemwamini. Mtu mmoja aje na kitambaa, mafuta na bisibisi ndogo. Anzeni na ile ala mbovu kuliko zote.