Bunge Likibadilisha Sheria za Mahakama, Kesi Yangu Itakuwaje?

SWALI: Nilimuuzia mfanyabiashara mmoja mbao za shilingi 600,000 kwa mkopo, naye akakataa kulipa, basi nikamshtaki katika Mahakama ya Madai Madogo. Mzee mmoja hapa sokoni anasema kwamba mswada wa kurekebisha sheria za mahakama ukipita, kesi zote huanza upya, na kwamba wabunge wanaweza kubadilisha lolote, hata namna majaji wanavyoteuliwa. Je, ni kweli? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Tuanze na kesi yako. Sheria inayoeleza namna sheria za Kenya zinavyofasiriwa, yaani Sura ya 2, inalinda haki zilizokwisha kupatikana na mashauri yaliyokwisha kuanza pale sheria ya zamani inapofutwa, isipokuwa sheria mpya yenyewe ionyeshe nia tofauti. Kwa hiyo mswada wowote ukitangazwa, tafuta kwanza vifungu vya mpito, ambavyo aghalabu huwa mwishoni, kwa sababu humo ndimo hatima ya kesi kama yako huelezwa.

Tena si kila mageuzi ni ya kuogopwa. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliweka kikomo cha shilingi 200,000, na deni lako lisingeingia. Marekebisho ya 2020 ndiyo yaliyopandisha kikomo hadi shilingi milioni 1 na kuagiza shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, kabla ya mahakama ya kwanza ya aina hiyo kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021.

Kuhusu majaji, mzee wako amekosea, na hapa ningependa wasomaji wote wawe makini. Kikomo cha madai ni suala la sheria ya kawaida, ambayo Bunge linaweza kuibadilisha, lakini uteuzi wa Jaji Mkuu umewekwa na Katiba yenyewe: Rais humteua kwa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama na kwa idhini ya Bunge la Kitaifa. Mwaka 2015 wabunge walirekebisha Sheria ya Huduma za Mahakama ili Tume impelekee Rais majina matatu achague mwenyewe. Mabadiliko hayo yalionekana madogo, ila yangempa Rais hiari ambayo Katiba haikumpa, na mwaka 2016 jopo la majaji watano wa Mahakama Kuu likayabatilisha. Mwaka huo huo Tume ilipendekeza jina moja tu la Jaji Mkuu, la David Maraga.

Je, wabunge wakiamua kurekebisha Katiba? Njia hiyo ipo, na ni ndefu kwa makusudi. Kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili lazima zipite siku 90, mswada uungwe mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote katika Bunge la Kitaifa na vivyo hivyo katika Seneti, na kwa kuwa uhuru wa Mahakama umetajwa katika Kifungu cha 255, wananchi wapige kura ya maamuzi. Mswada wa BBI wa 2020, yaani mpango wa maridhiano ulioongozwa na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na Raila Odinga, ambao ulikuwa na pendekezo la afisi ya kushughulikia malalamishi dhidi ya majaji, ambayo mkuu wake angeteuliwa na Rais, ulifuata njia nyingine, ile ya wananchi kuanzisha mageuzi kwa kukusanya saini, nayo Mahakama ya Juu ikaamua Machi 2022 kwamba Rais hawezi kuitumia njia hiyo. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa maana mwenye kuteua hafai pia kuwa mwanzilishi wa kanuni za uteuzi.

Unaweza pia kuwasilisha maoni yako kuhusu mswada wowote. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza kamati husika hutangaza magazetini siku ya mwisho ya kupokea maoni. Mwandikie Karani wa Bunge kwa Kiswahili au Kiingereza, ukitaja jina la mswada, namba ya kifungu unachokipinga, sababu yako, na maneno ambayo ungependa yawekwe badala yake. Maoni yanayosema tu "tunapinga" hayaipi kamati kitu cha kurekebisha.