Mwanangu, ngoja nikwambie ya lile gauni

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unasema ulituma orodha ya malipo yenye kosa, asubuhi yake ukaliona mwenyewe ukamwambia bosi, ikarekebishwa, hakuna aliyepoteza hata shilingi, ila sasa wiki ya tatu ukilala moyo unakwenda mbio na unajisema mzembe, mjinga, kazi nilibebwa tu, bora niiache. Ukaniuliza mama ulikuwa unafanyaje ukikosea, mbona nilikuona umetulia siku zote.

Sikutulia. Lile gauni la satini hukulijua, ulikuwa mdogo, unalala chini ya meza ya kukatia pale Ngamiani. Ni 1997, mvua za El Nino zinapiga, umeme umekatika, nakata kwa kandili gauni la harusi la binti wa jirani. Nikalaza karatasi ya mkono, nikakata, nikalaza tena vilevile bila kuigeuza, nikakata. Mikono yote miwili ya kulia! Na satini ina uso na mgongo, huwezi ukaigeuza, na kitambaa kimekwisha. Siku mbili chakula hakipiti, tumbo la baridi, nikilala najiambia wewe sio fundi, funga kibanda. Ndo baba yako akanambia lile neno nnalowachosha nalo mpaka leo, usiku hakiamuliwi kitu.

Nikatoa mikono mifupi kwenye ile mirefu nikamwambia binti ndo fasheni ya sasa hivi. Hakubisha, akanyamaza tu. Kumbe mirefu aliitaka makusudi, ana kovu la uji wa moto mkono wa kushoto, na mimi mwenyewe nilishapitisha futi kamba juu yake siku ya vipimo. Siku ya harusi ule mkono kaubana ubavuni tangu anaingia mpaka anakata keki, na watu wananipa hongera, gauni zuri fundi, gauni zuri.

Mkasi haunisumbui tena. Ni ule mkono. Baadae akaniletea nguo za mwanawe nikamshonea bure, na bado sikusema.

Sasa nikwambieje, acha kujisema? Lakini nisingejisema si ningekuwa fundi wa hovyo... hapana, sio kweli. Kujisema hakukunifundisha hata kugeuza karatasi, hilo nilijifunza siku nilipoanza kuziandika "kulia" na "kushoto" kwa chaki. Kujisema kulinitia woga mpaka nikamdanganya mtoto wa watu. Wewe ulisema asubuhi ileile. Hapo umenizidi mwanangu na wala hujioni.

Ikija saa nane za usiku hiyo sauti, washa taa, yaandike yote inayokwambia, karatasi uisome ukishakunywa chai. Usibishane nayo gizani, usiku hakiamuliwi kitu. Ila wiki tatu bila usingizi sio jambo la kuvumilia, nenda hospitali uombe kuongea na mtu wa afya ya akili. Mirembe iko hapohapo Dodoma. Najua nyumbani kwetu hilo jina tulilitumia kama tusi, na mimi nikiwemo, tulikosea sana, ni hospitali kama hospitali nyingine.

Kuhusu kuacha kazi nina neno mdomoni na linaniwasha, ila nalimeza, meza hiyo unaikalia wewe. Nnachokuomba usiandike barua ya kuacha ukiwa kitandani.

Kuna jambo linanirudia tangu juzi. Ile sketi yako ya shule, ya darasa la sita, ulishona pindo mwenyewe nikaifumua mara tatu mbele ya wenzio, nikasema sindano yako inatembea kama kuku. Hiyo sauti inayokusema usiku, ni ya kwangu? Niambie ukweli, usinionee haya.

Mama yako