Mtazame mguu, mkono utakuhadaa

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mwalimu wa michezo huku Likoni na hupangiwa kuchezesha softiboli ya wasichana. Juzi kocha mmoja alinipigia kelele mechi nzima kwamba mrushaji wa wapinzani wake anaruka, anarusha kiharamu. Mimi naona mkono unazunguka sawasawa tu. Nitamjuaje anayevunja kanuni, na nikimwona nifanye nini?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Macho yako yalikuwa mkononi, na mkono ukizunguka kwa kasi ile huhadaa hata refa mkongwe. Tazama mguu wa kusukumia, ule unaoanzia kwenye kibao anachokanyaga mrushaji.

Mrushaji wa halali husukuma kibaoni, kisha mguu ule hukokota chini. Mwizi huruka kutoka kibaoni, akakanyaga upya mbele, akasukuma mara ya pili kutoka hapo, ndipo akaachia mpira. Kibao cha wanawake kiko mita 13.11 kutoka beisi ya nyumbani, anaposimama mpigaji. Mpira wa kilomita 90 kwa saa humfikia mpigaji kwa nusu sekunde hivi. Kila hatua inayoibwa inampunguzia binti wa watu muda wa kuamua apige au aache, na hilo linaniuma.

Viwanja vyetu vya Pwani vitakusaidia, maana mchanga huandika kila kitu. Baada ya mirusho michache, inama karibu na kibao. Mkokoto mmoja usiokatika hauna neno. Ukiona pengo, na mbele yake kishimo kilichochimbwa na ncha ya kiatu, hapo ndipo pa kukodolea macho mrusho unaofuata. Usimhukumu kwa alama peke yake, mwone anasukuma kutoka kwenye kile kishimo. Kuna kuruka kutupu, miguu yote hewani bila kusukuma upya, na vyuo vikuu vya Marekani viliruhusu hilo kuanzia msimu wa 2024. Huenda ndilo alilolililia kocha wako, kwa hiyo soma kanuni za mashindano yenu kabla ya mechi.

Mkiwa waamuzi wawili, kazi ya kutazama mguu ni ya yule wa beisi, anayeuona kwa ubavuni. Wewe nyuma ya ketcha, yaani mdakaji, shika hatua ya mbele isitoke nje ya upana wa kibao, sentimita 61.

Ukimkamata, nyosha mkono wa kushoto, ngumi imefumbwa, tamka mrusho haramu kwa sauti, lakini mchezo uendelee. Mpigaji akifika beisi ya kwanza salama na kila mkimbiaji akasogea angalau beisi moja, yamekwisha. La sivyo, kocha wa wanaopiga achague matokeo yale au adhabu, yaani mpigaji kuhesabiwa bolu moja, mrusho mbaya unaomfaa yeye.

Tena uite tangu iningi ya kwanza, yaani zamu ya kwanza ya mchezo. Siwapendi marefa wanaonyamaza mpaka mechi ikazwe ndipo wamkumbuke mtoto. Na kocha akizidi kelele, subiri mpira ufe, yaani mchezo usimame, mwite, msikilize mara moja, kisha mwambie akae.