Nimepeleka mtoto wa pumu, nikaambiwa nikamwone wakili!

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu ana miaka 6, pumu inambana kila mara, mwezi huu tu tumelala wodini mara mbili. Juzi nesi akaanza kuniuliza nyumba ina unyevu, kodi nalipaje, nikamwambia ukuta wa chumbani umeota ukungu mweusi na mwenye nyumba kila nikimwambia ananitumia meseji "kama umechoka hama". Akaniambia niingie chumba cha jirani kuna wakili, bure. Niliogopa nikaondoka zangu. Hospitali na wakili wapi na wapi? Na si atasoma faili langu lote, lina mambo yangu mengine mle. – Mama Mwenye Wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Rudi ukamwone, tena mapema.

Nesi hajapotea njia. Inhela inafungua kifua sawa, lakini mtoto akirudi kulala pembeni ya ukuta uleule anavuta kilekile kilichomlaza wodini, na kwa ukuta daktari hana dawa, mwenye dawa ni anayejua sheria za upangaji. Na si jambo jipya, kule Boston, Marekani, mwaka 1993 daktari wa watoto Barry Zuckerman alichoka kuona watoto wanatibiwa pumu halafu wanarudishwa kwenye nyumba zenye unyevu, akaajiri wakili hospitalini hapohapo. Siku hizi Australia na Uingereza nao wanafanya, na wakili huyo anasaidia hata waliofukuzwa kazi sababu ya ugonjwa, walionyimwa mafao au wanaopigwa nyumbani.

Faili sasa, maana naona ndilo lililokukimbiza. Daktari ana siri yake na wakili ana yake, hawapeani faili kama gazeti. Kwa kawaida kuna fomu ya ridhaa, isome usisaini kwa haraka, sema wazi: ya pumu ya mtoto mpeni, yangu mimi hapana. Una haki hiyo.

Usidhani pia kesho yake uko mahakamani. Mara nyingi anaanza na barua, anaambatanisha na ya daktari inayosema unyevu unamzidishia mtoto pumu, na huyo bwana wa "hama" akiona mihuri miwili kwenye bahasha moja anajifunza kuongea vizuri (wengine hawajifunzi, hapo ndipo kesi inapokuja). Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo usigome kulipa kodi kwa hasira kabla hujamuuliza, utampa sababu ya kukutoa. Na ukuta usiupake rangi kwanza, upige picha!

Kitu kimoja, kama malalamiko yako yangekuwa ni juu ya hospitali yenyewe, wakili wa humo mara nyingi hawezi kuyabeba, utatafuta mwingine nje. Lako halina shida hiyo. Beba mkataba wa pango, na kama hukuwahi kupewa nenda hivyohivyo, risiti na hizo meseji za "hama" zinatosha kuanzia.