Tembo wa Carthage wananiharibia gemu, niwapunguze tena?

SWALI: Kaka habari za saa hizi. Mimi na mshikaji wangu tunatengeneza gemu ya mkakati kuhusu vita vya kale vya Roma na Carthage, dola ya Afrika Kaskazini, zipo kambi tatu, Roma, Carthage na jirani yake Numidia. Shida ni tembo. Carthage imecheza mechi 40 ikashinda 23 na kila anayetujaribia analia tembo tembo, nimewapunguzia damu, yaani uhai wao, mara mbili na sasa hakuna hata anayewanunua, Carthage imebaki kama Roma iliyobadilishwa rangi. Nizilinganishe kambi zote au nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, leo hii hii warudishie tembo damu yao yote, halafu tuongee.

Hiyo 23 kwa 40 isikutishe. Ukirusha sarafu mara 40, kupata upande uliouchagua mara 23 au zaidi kunatokea takribani mara moja katika kila majaribio matano, yaani ni bahati ya kawaida kabisa, ila ingekuwa 575 kwa 1,000 hapo ningekwambia kuna tatizo. Na uangalie nani anashinda, manake kambi inaweza ikawa inawaumiza wageni vibaya huku wazoefu wanaifunga wanavyotaka, wastani unakuonyesha 50 kwa 50 safi na hakuna anayefurahi.

Mimi nadhani watu wanalia kwa sababu tembo akishafika hawana la kumfanya. Nenda kwenye vita vya Zama, 202 KK. Hannibal, jemadari wa Carthage, alikuwa na tembo zaidi ya 80 akawaweka mbele kabisa. Kwa kawaida jeshi la Roma lilipanga vikosi vyake kama miraba ya ubao wa drafti, lakini Scipio, jemadari wa Roma, akavipanga kimoja nyuma ya kingine, katikati zikabaki njia zilizonyooka, akazijaza askari wepesi wa mikuki ya kurusha. Tembo wakaja, tarumbeta zikalia, wengine wakashtuka wakarudi kuwavuruga wapanda farasi wa Hannibal mwenyewe, wengine wakapita kwenye zile njia huku wanachomwa mikuki ubavuni. Basi huo ndio uwezo wa Roma, kitufe cha kufungua njia, na gharama yake ni kwamba mstari ukiwa wazi wapanda farasi wa adui nao wanapenya. Tembo anabaki na nguvu zake zote ila mpinzani ana jibu, na jibu lenyewe lina hatari yake.

Kuna kitu kingine nakipenda sana na sijaona kikitumiwa vizuri. Livy, mwanahistoria wa Roma, anaandika kuhusu vita vya Metaurus, 207 KK, kwamba waongoza tembo wa Hasdrubal, ndugu yake Hannibal, walibeba patasi na nyundo, tembo akipagawa akaanza kukanyaga watu wa kwao, aliyekaa juu anaweka patasi pale shingo inapoungana na kichwa anapigilia kwa nguvu zake zote. Hebu fikiria mchezaji wa Carthage, tembo wake wa bei kubwa kuliko wote damu imeshuka chini ya nusu, anageuka kuelekea mstari wake, ana sekunde tatu za kuamua amuue mwenyewe au amwache apite. Hiyo Carthage haitafanana na Roma hata kidogo!

Na Roma usiipe upanga mkali zaidi, nguvu yake ilikuwa watu. Kwenye vita vya Cannae, 216 KK, ilipoteza makumi ya maelfu ya askari kwa siku moja, ikakataa kusalimu amri ikaendelea kuandikisha wengine, kwa hiyo wape kujaza vikosi haraka na kwa bei ndogo, basi. Carthage yenyewe ilitegemea sana askari wa kukodi, na vita vyake vya kwanza na Roma vilipoisha 241 KK ikashindwa kuwalipa wakaasi, vita vya ndani vikachukua zaidi ya miaka mitatu. Kwa hiyo ianze na askari wazoefu tayari, lakini dhahabu ikifika sifuri wagome palepale uwanjani. Wa Carthage anakimbilia kumaliza mapema, wa Roma anajitahidi asife mpaka watu wake wajae, na hapo hauhitaji namba zilingane.

Ni mtindo uleule wa gemu ya Age of Empires II, kambi ya Wagothi ina askari wa miguu wa bei rahisi ila haijengi ukuta wa mawe, udhaifu umetengenezwa pamoja na nguvu.

Bonasi za uchumi ziogope kuliko tembo. Asilimia 10 ya kukusanya mali tangu dakika ya kwanza inazaa wafanyakazi ambao nao wanakusanya, inajizidisha, wakati asilimia 10 hiyohiyo ukiitoa mwishoni haionekani hata.

Numidia wape farasi wepesi wanaorusha mikuki na kukimbia. Usiwape ukuta wala askari wazito, wakikwama kwenye njia nyembamba wafe haraka, kwa hiyo hakikisha ramani zako sio zote uwanda mtupu maana hapo hakuna atakayewagusa.

Weka kwanza kitufe cha Scipio peke yake, patasi isubiri zamu yake. Cheza mechi 100 bila kugusa namba yoyote, uandike kila mara nani alikibonyeza na dakika ya ngapi, halafu nitumie hilo jedwali.