Andika Hata Siku Usipoona Ua

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Nimefuata ushauri wako. Nimepata daftari, na jana nimeandika tarehe ya ua la kwanza. Sasa nifanyeje?" Nilitabasamu, kisha nikajisikia vibaya. Ushauri ule, kwamba uwe na daftari na uandike tarehe mti unapotoa ua la kwanza kila mwaka, niliutoa nusu. Nusu iliyobaki nilifunzwa kwa aibu, ndiyo maana sipendi kuisimulia.

Mbele ya dirisha langu kuna mti wa jakaranda. Kwa miaka 4 niliandika siku ulipochanua, siku ulipobaki bila majani, siku mbayuwayu wa kwanza alipopita juu yake. Kila tukio na rangi yake ya wino. (Ndiyo, nilikuwa na kalamu za rangi. Tuendelee.) Nilijiona ndugu yake Robert Marsham, yule Mwingereza wa Norfolk aliyeanza mwaka 1736 kuandika dalili za majira: jani la kwanza, mbayuwayu wa kwanza, vyura walipoanza kulia. Ukoo wake uliiendeleza kazi hiyo hadi 1958. Mimi nilikuwa na miaka 4 tu, lakini kiburi hakijui hesabu.

Nikapiga picha kurasa zote, nikazituma kwa watafiti fulani waliokuwa wakikusanya rekodi za namna hiyo. Jibu lilikuja na swali moja: kabla ya tarehe ya ua la kwanza, mara ya mwisho ulitazama lini ukakuta hakuna?

Sikuwa na jibu. Siku mbili nzima nilikuwa nawaita wajuaji. Siku ya tatu nikafungua ukurasa wa mwaka wa tatu, nikaikumbuka asubuhi yenyewe. Nilikuwa nimerudi kutoka safari ya siku 9, begi bado begani, nikakuta chini ya mti vikengele vya zambarau vimelala, viwili vikiwa vimeshanyauka na kugeuka kahawia ukingoni. Nikaandika kwa mbwembwe: "Ua la kwanza, leo." Ua lililonyauka chini litakuwaje la leo? Nilikuwa nimeandika siku yangu ya kurudi, nikausingizia mti.

Basi ndugu zangu, andikeni "hakuna". Ukitazama ukakuta tumba limefumba, weka tarehe na neno hilo moja. Hapo ndipo "la kwanza" linapopata maana, kwa sababu tofauti zinazotafutwa kati ya mwaka na mwaka huwa ni za siku chache mno. Kule Kyoto, tarehe za miti ya cheri kuchanua zimekusanywa kutoka shajara za kale na kurudi nyuma hadi mwaka 812. Mwaka 2021 kilele cha kuchanua kilifika 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliojulikana hadi wakati huo. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya 1409, 27 Machi. Siku moja! Na mimi nilikuwa na pengo la siku 9, nimelipamba kwa wino wa zambarau.

Kwa viumbe wenyewe siku hizo ni uhai. Kuna ndege mdogo anayetoka Afrika kwenda kuzaliana Uholanzi. Safari yake huongozwa na urefu wa mchana, ilhali viwavi anaowalisha makinda hufuata joto. Joto likiwahi, viwavi nao huwahi, na kilele chao huweza kupita kabla makinda hayajafikia kula sana. Pengo kama hilo utalionaje kwa daftari la kubahatisha kama lile langu?

Chagua mti mmoja, tawi lilelile, na uamue mapema utaita nini "limefunguka". Na uandike hakuna. Najua nimeshasema, lakini mimi niliambiwa mara moja tu na nikanuna.

Leo asubuhi nimeandika "hakuna" ya 17. Tumba moja kwenye tawi la chini, lile linalogusa ukuta, limeanza kupasuka nchani na zambarau inachungulia. Nimelisogelea mpaka pua ikaligusa. Halijafunguka. Hakuna.