Maswali na Majibu: Virusi Hatari Ndani ya Maabara

Swali: Nimesikia kwamba kuna wanasayansi wanaokifanya kirusi kiwe hatari zaidi kwa makusudi. Ni kweli au ni uzushi?

Jibu: Ni kweli, na kisa kinachotajwa zaidi ni cha mwaka 2011. Kirusi cha mafua ya ndege cha H5N1 kilikuwa kimeua zaidi ya nusu ya watu waliothibitishwa kuugua, lakini wengi wao walikuwa wamekipata kwa kuku na bata, si kwa kuambukizana wenyewe. Ron Fouchier wa Rotterdam, Uholanzi, na Yoshihiro Kawaoka wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitaka kujua kama kirusi hicho kingeweza kuenea kwa njia ya hewa. Walitumia ferreti, mnyama anayefanana na kicheche, kwa kuwa naye hupatwa na mafua na kupiga chafya kama binadamu. Fouchier alianza kwa kubadili vinasaba vichache, kisha akatoa majimaji ya puani mwa ferreti mgonjwa na kumtia mwingine, na kutoka kwa huyo mwingine tena, mara 10, hadi ferreti mzima aliyekaa kizimba cha jirani, asiyemgusa mgonjwa, akaambukizwa. Wale walioambukizwa kwa njia ya hewa hawakufa, jambo ambalo lilistahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko lilivyotajwa.

Swali: Faida yake ni nini?

Jibu: Watetezi wake husema kwamba ukishajua ni mabadiliko gani ya kuogopa, utayatambua mapema yakijitokeza kwa ndege. Hoja hiyo ina uzito, ila kwa maoni yangu hunadiwa kupita kiasi, kwa sababu kirusi kilichoko mabandani hakilazimiki kupita njia ile ile iliyopitiwa maabarani.

Swali: Je, kirusi kimewahi kutoroka maabara?

Jibu: Kimewahi, tena zaidi ya mara moja. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, Oktoba 1977, naye alipona. Wakati dunia ikihesabu miezi ili itangaze ushindi, Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha tiba cha Birmingham, Uingereza, aliugua Agosti 1978 na kufariki mwezi uliofuata. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya maabara iliyotafiti ndui, na hadi leo wataalamu wanabishana kirusi kilimfikiaje. Kirusi cha SARS, ugonjwa mkali wa mapafu, nacho, baada ya mlipuko wa 2003 kuzimwa, kiliwaambukiza watumishi wa maabara Singapore, Taiwan na Beijing. Kuhusu UVIKO-19, kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilisema mwaka 2025 kwamba ushahidi uliopo unaelemea upande wa wanyama, lakini haikuifuta dhana ya maabara, kwani China haikutoa taarifa zote ilizoombwa.

Swali: Nani anayezisimamia kazi hizi?

Jibu: Kila nchi hujisimamia. Marekani ilisitisha fedha za majaribio ya kukifanya kirusi kiwe hatari zaidi mwaka 2014, ikazirejesha 2017 kwa masharti. Ndui ina utaratibu wa kimataifa ulio wazi: kirusi chake kinahifadhiwa mahali pawili tu, Atlanta nchini Marekani na Koltsovo nchini Urusi, na wakaguzi wa Shirika la Afya Duniani huzuru huko.

Swali: Basi tuziogope na maabara zetu?

Jibu: Tusichanganye kazi mbili. Kupima sampuli ya mgonjwa si sawa na kukiongezea kirusi uwezo. Homa ya Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ndiyo iliyoutambua ugonjwa huo, na bila kipimo hicho wauguzi wangeendelea kuwahudumia wagonjwa wasijue wanachokishika.